Bakteria wanaokutwa ndani ya uvimbe wa saratani ya utumbo: je, ndio chanzo cha ugonjwa, na dawa za kuua bakteria zinasaidia?

Mwalimu wa Nyegezi anauliza:

Habari zenu wanajukwaa. Ninafundisha biolojia katika shule ya sekondari hapa Mwanza, na swali nililo nalo limezidi vitabu vyangu vya darasani. Baba yangu mdogo, mwenye umri wa miaka 46, mvuvi wa dagaa upande wa Kayenze, amefanyiwa upasuaji wa kuondoa uvimbe katika utumbo mpana, upande wa kulia, na majibu ya kinyama yamethibitisha kwamba ni saratani iliyofika kwenye baadhi ya tezi za karibu. Kidonda kimepona vizuri, anakula ugali na samaki wake kama kawaida, na anasubiri kuanza tibakemikali.

Tatizo limeanzia nyumbani. Binamu yangu amesoma kwamba ndani ya uvimbe wa saratani ya utumbo hukutwa bakteria walio hai, kwamba bakteria hao hutoka kinywani, na kwamba metronidazoli, dawa ileile tunayopewa tukiugua amiba, huwaua. Katika kikao cha familia baadhi ya wazee wameipokea habari hiyo kwa furaha. Wanasema kwamba kama chanzo ni bakteria, basi tununue vidonge vya bei ndogo kwenye duka la dawa na tumwepushe mgonjwa na dawa kali. Shangazi naye, aliposikia neno bakteria, alielewa kwamba ugonjwa unaambukiza, na sasa baba mdogo ametengewa kikombe na sahani. Yeye mwenyewe halalamiki, lakini tunamwona anavyokula harakaharaka na kuondoka barazani.

Ninaomba wenye elimu ya jambo hili wanieleze kama bakteria hao ndio wanaoanzisha saratani au wanaukuta uvimbe umekwisha kuwapo, wanafanya nini wakiwa humo ndani, na kama kuna ushahidi wowote kwamba kuwaua kunamsaidia mgonjwa. Najua kwamba vidonda vya tumbo vina bakteria wake na kwamba bakteria huyo amehusishwa na saratani ya tumbo, kwa hiyo siwezi kulipuuza wazo la binamu. Nataka niwe na la kuwaeleza wazee katika kikao kijacho.

Mpimaji wa Igoma anajibu:

Mwalimu, pole kwa kuuguza, na umfikishie baba mdogo salamu zetu. Nitaanza na la shangazi kwa sababu ndilo linalomuumiza mtu sasa hivi. Saratani ya utumbo haiambukizwi kwa kikombe, kwa sahani, kwa kitanda wala kwa kumhudumia mgonjwa. Bakteria anayezungumzwa, Fusobacterium nucleatum, yumo tayari katika vinywa vya watu wazima wengi wenye afya njema, hasa kwenye utando unaojijenga kando ya ufizi, na shangazi mwenyewe huenda anaye. Kumtengea mgonjwa vyombo hakumkingi mtu yeyote, na kunamwondolea mgonjwa nguvu ya kupambana wakati anapoihitaji zaidi. Tafadhali lisemeni hilo leo bila kusubiri kikao.

Sasa niingie kwenye swali lenyewe. Mwaka 2011 makundi mawili ya watafiti, moja la Kanada na jingine la Marekani, kila moja likifanya kazi yake peke yake, yalisoma vinasaba vilivyomo katika vinyama vya saratani ya utumbo mpana na kuvilinganisha na vinyama vya sehemu isiyo na ugonjwa ya mgonjwa yuleyule. Pande zote mbili alijitokeza Fusobacterium, akiwa mwingi ndani ya uvimbe kuliko pembeni yake. Halikuwa jambo lililotarajiwa, kwa kuwa bakteria huyu alikuwa akijulikana zaidi na madaktari wa meno. Ukimtazama kwa hadubini ni kijiti chembamba chenye ncha zilizochongoka pande zote mbili, na kumwotesha maabara kunahitaji chombo kilichoondolewa oksijeni.

Anavyofika kwenye uvimbe na anavyoishi humo kumechunguzwa kwa undani. Juu ya mwili wake ana protini iitwayo Fap2, ambayo hunasa aina ya sukari ambayo seli za saratani ya utumbo huionyesha nje kwa wingi kuliko seli za kawaida, na kuna ushahidi kutoka kwa panya kwamba anaweza kusafiri kwa njia ya damu mpaka kwenye uvimbe, mbali na ile njia ya kumezwa na mate. Akishajishika, protini yake nyingine, FadA, hugusa E-kadherini, protini inayozishikanisha seli jirani, iliyo kwenye utando wa seli, na kuwasha ndani ya seli hiyo mfululizo wa amri zinazoihimiza seli kugawanyika. Halafu Fap2 hiyohiyo hushika kipokezi kiitwacho TIGIT kilicho juu ya seli za kinga, na seli hizo, ambazo kazi yake ni kuua seli zilizoharibika, hutulia badala ya kushambulia. Mwaka 2022 watafiti waliochora ramani ya bakteria ndani ya vinyama waligundua kwamba hawakusambaa ovyo, bali walikaa katika vijisehemu vyenye mishipa michache ya damu na ambamo kinga ya mwili imezimwa.

Kwa hiyo, ni chanzo au ni mkaaji? Mimi, kwa ninavyousoma ushahidi uliopo, naona kwamba Fusobacterium mara nyingi huukuta ugonjwa umeanza, kisha anaukuza. Sisi wa kandokando ya ziwa tumeliona gugu maji: halikuleta lenyewe taka zinazomwagika ghubani, lakini likishapata ghuba tulivu yenye rutuba ya taka hizo huota, huziba mwanga, hupunguza hewa majini, na ghuba huwa na hali mbaya kuliko ile iliyolikaribisha. Mwaka 2024 ilielezwa zaidi kwamba si kila Fusobacterium hufanya hivyo. Kuna kundi moja la ndani ya spishi hiyo, lililopewa jina Fna C2, ambalo ndilo linaloonekana kwenye uvimbe, na linastahimili asidi ya tumboni kuliko ndugu zake.

Lakini yupo mwingine katika utumbo huohuo ambaye hali yake ni tofauti, nami naona ndiye anayestahili kutajwa zaidi darasani kwako. Baadhi ya aina za Escherichia coli hubeba vinasaba vya kutengeneza sumu iitwayo kolibaktini, ambayo huzishikanisha nyuzi mbili za DNA na kuacha aina maalumu ya mabadiliko inayotambulika. Mwaka 2020 watafiti waliziweka seli za utumbo wa binadamu pamoja na bakteria hao kwa miezi 5 maabara, wakasoma alama iliyobaki, kisha wakaikuta alama hiyohiyo katika saratani za wagonjwa halisi. Mwaka 2025 uchunguzi wa saratani 981 za utumbo mpana kutoka nchi 11 ulionyesha kwamba alama hiyo ilikuwa ya kawaida zaidi, kwa takriban mara 3.3, kwa waliougua kabla ya miaka 40 kuliko kwa waliougua baada ya miaka 70, na kwamba huenda DNA ilijeruhiwa tangu utotoni. Hapo bakteria anaweza kuwa ameshaondoka miaka mingi kabla ya uvimbe kuonekana, na kidonge cha leo hakitaifuta alama aliyoiacha.

Muuguzi wa Kirumba anajibu:

Shikamoo Mwalimu, na poleni sana na familia. Nimefanya kazi na wagonjwa wa saratani kwa muda mrefu, kwa hiyo niruhusu nizungumzie zaidi vile vidonge.

Binamu yako hakulitunga jambo hilo. Mwaka 2017 katika jarida la Science ulichapishwa utafiti ambao watafiti walichukua vipande vya saratani ya utumbo mpana vya wagonjwa vilivyokuwa na Fusobacterium, wakavipandikiza kwa panya, wakawapa panya hao metronidazoli, na uvimbe ukakua polepole kuliko kwa panya wasiopewa. Utafiti huohuo ulionyesha jambo jingine lenye uzito, kwamba saratani ilipohamia kwenye ini la mgonjwa, Fusobacterium aliyekutwa huko alikuwa ni yuleyule wa kwenye utumbo, ikiashiria kwamba husafiri pamoja na seli za saratani. Hata hivyo panya wale hawakupona. Uvimbe ulipunguziwa kasi tu, nao ulikuwa umepandikizwa chini ya ngozi ya mnyama asiye na kinga kamili. Kutoka hapo mpaka kumwambia mvuvi wa Kayenze aache tibakemikali ni mbali mno.

Ipo hatari ambayo wazee wanapaswa kuifahamu kwa jina lake. Dawa zinazotumika sana baada ya upasuaji wa saratani ya utumbo mpana iliyofika kwenye tezi ni fluorourasili inayoingizwa kwenye mshipa, au kapesitabini ambayo ni kidonge kinachogeuka kuwa fluorourasili mwilini, pamoja na oksaliplatini. Imekwisha kuonekana kwa wagonjwa kwamba metronidazoli ikitumika pamoja na fluorourasili, mwili huchelewa kuiondoa fluorourasili, na sumu yake huongezeka: vidonda vya mdomoni, kuharisha, na kushuka kwa chembe nyeupe za damu. Kwa maneno mengine, kidonge kinachonunuliwa kimyakimya ili kumsaidia mgonjwa kinaweza kumfikisha wodini. Wakati mwingine daktari mwenyewe huandika metronidazoli kwa sababu maalumu, na hapo hujua anachokipima. Mgonjwa anayejinunulia hana wa kumpimia.

Pia bakteria wa utumboni si maadui wote. Wapo wanaosaidia ukuta wa utumbo na kinga ya mwili, na dawa ya kuua bakteria haichagui. Kwa wagonjwa wa saratani nyingine wanaotibiwa kwa dawa za kuamsha kinga, waliotumia dawa za kuua bakteria karibu na wakati wa kuanza tiba walionekana, katika tafiti kadhaa, kupata matokeo mabaya zaidi.

Kwa kuwa anakaribia kuanza tiba, mwandaeni kwa haya. Akipata joto la nyuzi 38 au zaidi wakati wa tibakemikali, aende hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane, na asianze na dawa ya kutuliza homa nyumbani ili kuona kama itapungua. Oksaliplatini huifanya mishipa ya fahamu isivumilie baridi kabisa, kiasi kwamba kugusa chuma baridi au kunywa maji ya friji huleta ganzi na michomo ya vidole na koo. Kwa mtu anayevua dagaa usiku, mikono ikiwa ndani ya nyavu zilizolowa na upepo wa ziwa ukivuma, hilo ni jambo zito, na ingefaa mkubaliane mapema ni nani ataushika mtumbwi katika miezi hiyo. Kuhusu nywele, dawa hizi kwa kawaida huzipunguza tu, tofauti na dawa zinazotumika kwa saratani nyingine kama ya titi.

Jambo moja la kinywa linafaa na halina madhara: amwone daktari wa meno kabla ya kuanza, jino bovu ling'olewe na ufizi unaotoka damu utibiwe. Sababu yangu hapa ni kumwepusha na maambukizi wakati chembe nyeupe zitakapokuwa chini, na sisemi kwamba kusafisha meno kutaitibu saratani.

Mkerewe anauliza:

Naomba niongeze swali, kwa kuwa linahusu mfumo huohuo wa chakula. Sisi wa Ukerewe tumekulia ndani ya maji ya ziwa, na kichocho cha tumbo tumekijua tangu utoto. Babu yangu alifariki baada ya kutapika damu nyingi, na watu walisema ilikuwa saratani iliyoletwa na kichocho. Mimi mwenyewe nimeambiwa nina bakteria wa vidonda vya tumbo. Je, vimelea hivi navyo vinaingia katika habari hii ya kukaa ndani ya uvimbe?

Daktari wa Ilemela anajibu:

Ndugu Mkerewe, maswali yako ni mawili yenye majibu tofauti, na ni vizuri yasichanganywe.

Kichocho cha kandokando ya ziwa ni Schistosoma mansoni. Mayai yake hunasa katika mishipa midogo inayopeleka damu kwenye ini, makovu hujengeka kuizunguka, shinikizo la damu hupanda katika mishipa hiyo, na mishipa ya chini ya umio hutuna mpaka kupasuka. Mtu hutapika damu nyingi ghafla, na anaweza kufa bila kuwa na saratani yoyote. Siwezi kumpa babu yako utambuzi kwa kusoma ujumbe, ila maelezo yako yanafanana zaidi na hali hiyo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilipochunguza jambo hili mwaka 1994 liliona ushahidi dhidi ya S. mansoni hautoshi kumweka katika orodha ya visababishi vya saratani. Aliyewekwa katika kundi la kwanza, yaani la visababishi vilivyothibitishwa, ni ndugu yake, S. haematobium, kwa saratani ya kibofu cha mkojo, na huyo katika mkoa wetu huambukizwa zaidi bara, kwenye marambo na madimbwi ya msimu upande wa Kwimba na Misungwi, kwa sababu konokono wanaombeba ni tofauti na wale wa ziwani. Vyovyote iwavyo, prazikwanteli zinapogawiwa, mezeni. Kuzuia kovu la ini ni sababu inayotosha.

Bakteria wa vidonda vya tumbo, Helicobacter pylori, ni habari nyingine, na ndiye mfano ulio thabiti kuliko wote. Barry Marshall na Robin Warren wa Perth, Australia, walimtambulisha mwanzoni mwa miaka ya 1980; Marshall alikunywa mwenyewe mchuzi wa bakteria hao mwaka 1984 na akapata uvimbemchungu wa tumbo; wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Tangu 1994 amehesabiwa miongoni mwa visababishi vya saratani vya kundi la kwanza. Baadhi ya aina zake huichoma seli ya tumbo kwa kitu mfano wa sindano na kuingiza protini iitwayo CagA, ambayo huvuruga umbo la seli na ukuaji wake. Ngozi ya ndani ya tumbo huvimba kwa miaka, kisha hupungua unene na kuacha kutoa asidi ya kutosha, kisha hubadilika na kufanana na ya utumbo, na kwa wachache huishia kwenye saratani.

Hapa ndipo pana jambo ambalo Mwalimu atalipenda. Tumbo linapopoteza asidi yake, H. pylori mwenyewe hupungua, na mara nyingi saratani inapokuja kugunduliwa bakteria wengi wanaokutwa kwenye uvimbe ni wengine kabisa, wakiwamo wa kinywani na wa utumboni. Aliyeanzisha ameondoka, na waliopo sasa ni wageni. Mtu angepima uvimbe huo bila kujua historia yake angewalaumu wasiohusika. Ndiyo sababu sisi tunaotibu tunasita sana kusema kwamba aliyekutwa ndani ndiye aliyefanya.

Usihofu, Mkerewe. Zaidi ya nusu ya watu wazima katika nchi nyingi za Afrika wanaye H. pylori, na wanaopata saratani kwa sababu yake ni wachache sana, takriban mtu 1 hadi 3 kati ya 100. Lakini ukiwa umepimwa na kuthibitishwa, tibiwa kikamilifu: dawa ya kupunguza asidi pamoja na dawa mbili au zaidi za kuua bakteria, kwa siku 14 bila kuruka, halafu upimwe tena walau wiki 4 baadaye kuona kama ameisha. Wengi huishia njiani maumivu yakipungua, na usugu wa klarithromaisini na metronidazoli umekuwa mkubwa kiasi kwamba tiba ya nusunusu huharibu nafasi ya tiba inayofuata. Kwamba tiba hii huzuia saratani limethibitishwa kwa binadamu: huko Shandong, China, watu waliotibiwa kwa wiki 2 tu mwaka 1995 walifuatiliwa kwa miaka 22, na waliopata saratani ya tumbo miongoni mwao walikuwa kama nusu ya wale ambao hawakutibiwa.

Kwa saratani ya umio, ambayo ukanda wetu wa Afrika Mashariki unaumizwa nayo sana, Fusobacterium na Porphyromonas gingivalis wa ufizi wamekutwa katika vinyama vya wagonjwa wa Japani na China, na waliokuwa nao walikuwa na matarajio mafupi zaidi ya kuishi. Tafiti za kwetu Afrika Mashariki zimehusisha ugonjwa huu na afya mbovu ya kinywa na vinywaji vya moto mno. Uji na chai visubiriwe vipoe kidogo. Kinywaji kilichozidi nyuzi 65 kimewekwa tangu 2016 kati ya vitu vinavyoelekea kusababisha saratani hii.

Mtafiti wa vinasaba anajibu:

Nimefuatilia mjadala kwa furaha, na ningependa kuweka tahadhari moja kwa sababu Mwalimu atakwenda kusimama mbele ya watu. Kusema kwamba kuna bakteria ndani ya uvimbe wa utumbo mpana ni rahisi kuamini, kwa kuwa utumbo wenyewe umejaa bakteria. Kusema hivyo kuhusu kongosho au ini kunahitaji uangalifu wa kiwango kingine.

Fikirini safari ya kinyama kimoja. Kinatolewa chumba cha upasuaji, kinawekwa kwenye formalini, ile dawa ya kuhifadhia nyama isioze, kinapelekwa maabara, kinazamishwa katika nta, kinakatwa kwa kisu kilekile kilichokata vinyama vya wagonjwa waliotangulia, kinaguswa na maji na kemikali ambazo zenyewe zina chembechembe za DNA ya bakteria. Kinyama chenye bakteria wachache sana kikipita huko kote, kinaweza kutoka na bakteria wengi wa njiani kuliko wake. Kundi la watafiti wa Israeli lililochapisha kazi yake mwaka 2020 lilichunguza sampuli 1,526 za aina 7 za saratani, kongosho ikiwamo, na likapitisha pamoja nazo mamia ya sampuli tupu, yaani mirija isiyo na nyama na vipande vya nta peke yake, ili kujua ni bakteria gani wa kuondolewa kwenye hesabu. Ndipo likasema kwamba waliobaki wengi walikuwa ndani kabisa ya seli za saratani na za kinga.

Mwaka huohuo wa 2020 jarida la Nature lilichapisha kazi nyingine iliyodai kwamba kila saratani ina alama yake ya vijidudu. Wataalamu wengine walipoirudia hesabu waliona kwamba vipande vingi vya DNA ya binadamu vilikuwa vimehesabiwa kimakosa kuwa vya bakteria, na mwaka 2024 jarida liliifuta makala hiyo. Madai ya mwaka 2019 kwamba kuvu wa jamii ya Malassezia huhamia kwenye kongosho na kukuza saratani nayo yamepingwa na waliorudia kuzichambua data zake. Sisemi haya kuivunja moyo fani. Nasema kwa kuwa ninayaona makala haya yakisambazwa hadi leo kana kwamba hayakuguswa.

Kuna kazi moja ya kongosho ambayo naiona imesimama imara. Mwaka 2017 vilichunguzwa vinyama 113 vya saratani ya kongosho, na 86 vilikutwa na DNA ya bakteria. Wengi wao walikuwa wa kundi ambalo hubeba kimeng'enya chenye uwezo wa kuigeuza jemsitabini, dawa inayotumika sana kwa saratani hiyo, ikawa kitu kisicho na kazi. Kwa panya waliowekewa uvimbe wenye bakteria hao, dawa ilishindwa. Walipopewa siprofloksasini pamoja nayo, ikafanya kazi tena. Na kwa utumbo mpana, Fusobacterium ameonekana maabara akizisaidia seli za saratani kustahimili fluorourasili na oksaliplatini, yaani dawa zilezile alizozitaja Muuguzi. Hivyo nadhani swali la bakteria hawa litajibiwa kwanza katika tiba kabla ya kujibiwa katika chanzo: tutawapima ili kujua ni nani dawa itamgomea, na tutatafuta namna ya kumlenga mmoja bila kuwaua wengine.

Mwalimu wa Nyegezi:

Ninawashukuru nyote kwa dhati. Nimemsomea shangazi sehemu ya Mpimaji kuhusu vyombo, akanyamaza, kisha akaenda mwenyewe kabatini kukirudisha kile kikombe pamoja na vingine. Kuhusu metronidazoli, nimewaeleza wazee habari ya fluorourasili na wamekubali kwamba hakuna kidonge kitakachonunuliwa bila daktari wake kuulizwa. Kaka mkubwa wa mgonjwa ni baba yangu mzazi, na wako ndugu watano kwa jumla. Je, umri wa baba mdogo unatuambia lolote kuhusu wengine?

Daktari wa Ilemela:

Unatuambia mengi, Mwalimu, na nafurahi umeuliza. Saratani ya utumbo mpana kabla ya miaka 50, tena upande wa kulia, inatufanya tuulize kama ni ya kurithi, hasa hali iitwayo Lynch, ambayo mwili hukosa uwezo wa kurekebisha makosa ya DNA. Mwombeni daktari wake aulize maabara kama kile kinyama kilichohifadhiwa kwenye nta kinaweza kupimwa protini nne zinazofanya marekebisho hayo: MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2. Ikikosekana mojawapo, hatua zinazofuata kwa familia hubadilika, na huenda hata uchaguzi wa tiba ya baba mdogo ukabadilika, kwa hiyo ulizeni kabla dozi ya kwanza haijaanza.

Hata bila jibu hilo, ndugu zake wa tumbo moja na watoto wake wanapaswa kufanyiwa kipimo cha kamera cha utumbo mpana kuanzia miaka 10 kabla ya umri aliogundulika nao, yaani miaka 36. Baba yako, akiwa mkubwa wake, amekwisha kuupita umri huo, kwa hiyo yeye aanze, hata kama hana dalili yoyote. Mwenye kuona damu kwenye choo, mwenye upungufu wa damu usio na sababu, au aliyebadilika choo kwa wiki kadhaa asisubiri zamu ya umri. Mnapokwenda, bebeni nakala ya majibu ya kinyama cha baba mdogo, na andikeni kwenye karatasi ni nani katika ukoo, upande wa babu na bibi, aliyewahi kuugua saratani ya utumbo, ya tumbo au ya mfuko wa uzazi, na alikuwa na umri gani.